Nani Amekuandikia?

Siku ya shukrani kila mtu analeta alichopewa. Huyu ndoo ya mahindi, yule jogoo. Vizuri. Mimi leo nataka tushukuru kwa tulichonyang'anywa. Usinikunjie uso wewe wa nyuma, sikiliza kwanza.

Kulikuwa na bibi mmoja, rika langu, ila yeye mpole. Alikuwa na presha. Akaenda zahanati ya kwao, yenye madaktari watatu wa kupokezana zamu, na daktari mzee akamwandikia kidonge. Presha ikatulia, miguu ikavimba. Akarudi, akamkuta wa pili, akaandikiwa cha kupunguza maji. Miguu ikanywea, kichwa kikaanza kuzunguka. Wa tatu akamwandikia cha kizunguzungu. Hicho nacho kikamletea usingizi wa kuku mgonjwa.

Mnauliza, hakuna aliyefuta? Nani afute? Pale kufuta dawa ya mwenzako ilikuwa kama kumvua kofia mbele za watu. Kila mmoja akaongeza chini yake, kwa adabu. Na bibi mwenyewe alijivunia mfuko wake. Au hatujijui? Ukitoka kwa daktari na aina moja tu ya vidonge, si unanuna kwamba amekubania?

Mbuzi wake wakauzwa mmoja mmoja kulipia dawa, zizi likabaki harufu. Lakini kilichomuuma hasa si mbuzi. Siku moja alipepesuka na mjukuu mgongoni, akajigonga mlangoni. Mtoto hakuumia. Binti yake akamfungua mbeleko, na tangu hapo hakumpa tena ambebe. Mtoto akilia, anapitishwa mbele ya bibi yake kupelekwa kwa jirani.

Watu wakimuuliza hali, jibu lilikuwa moja: ndivyo nilivyoandikiwa.

Siku aliyomkuta tena daktari mzee, akampa jibu hilohilo. Mzee akamuuliza ameandikiwa na nani.

"Na Mungu, baba. Kwani kuna mwingine?"

Daktari akamwomba aumwage mfuko mezani. Akavishika vile vidonge kimoja kimoja, kisha akawaita wenzake wawili waje waone.

"Mama, usimsingizie Mungu," akasema. "Haya yote umeandikiwa na sisi. Na dawa ya kwanza niliiandika mimi."

Akashika kalamu akaanza kufuta, na alianza na yake. Akambadilishia kidonge kingine cha presha, za wenzake akaziondoa, akamwambia arudi kupimwa. Bibi akaenda zake na mfuko umesinyaa, akinung'unika njia nzima kwamba mzee yule ameingiwa na uchoyo.

Kichwa kikatulia. Miguu ikabaki miguu. Siku ya kupimwa alifika na mkungu wa ndizi kichwani, mjukuu mgongoni, anatembea haraka kama anayekimbia mdai. Akautua mkungu mezani kwa daktari mzee.

"Mama, mimi mbona sikukupa kitu?"

"Ndicho nilichokuja kushukuru."

Haya, asitokee mtu akamwage dawa zake chooni aseme bibi katuambia. Aliyefuta ni daktari, si jirani yako.

Sasa sisi. Mume na mke hawasemezani mwaka mzima, wanasema wameandikiwa. Ndugu wanagombania shamba hadi baba anazikwa bila wao, wameandikiwa. Mungu ana kazi ya kuandika upuuzi huo? Tazama mwandiko. Mimi kusoma kwenyewe nabahatisha, lakini mwandiko wangu naujua, na wewe wako unaujua.

Tena shukuruni kwamba kalamu inayoandika ndiyo hiyo inayofuta. Shukuruni kama mnaye mtu asiyeona haya kuanza na kosa lake mwenyewe. Bila huyo, yule mtoto angekuwa bado analilia kwa jirani, na bibi yake yupo.

Basi. Leteni majogoo yenu.