Sheria Iliyokwama Kooni

Hapo zamani, wakati wafalme walipokuwa wengi na viatu vichache, palikuwa na mji uitwao Mvumoni, na sultani wake akiitwa Shekuwe. Mji ule ulikuwa na desturi moja ambayo hata mtoto wa kunyonya alikaribia kuijua: mwenye maji huonja kwanza. Ukimpa mtu maji, unakunywa wewe funda moja mbele ya macho yake, kisha ndipo unampa kata. Asiyeonja ametia kitu, na aliyetia kitu huvunjiwa kata mlangoni pake akafukuzwa mjini, awe tajiri, awe shangazi wa mtu.

Katika mji huo alikuwapo Ngwali, ambaye watu walimwita mjinga kwa sababu hakuwa na kitu, na pale Mvumoni mambo hayo mawili yalihesabiwa kuwa jambo moja. Kazi yake ilikuwa kulala kwenye baraza za wenziwe na kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Mkewe, Mize, ndiye aliyesonga ugali, akafua, akachota na kubeba mtoto mgongoni. Alikuwa amekwisha kuacha kumgombeza mumewe, maana kugombeza nako ni kazi.

Basi ikawa akaja mgeni kutoka ng'ambo, Bwana Lodovi, wakili wa Kampani ya Mbayuwayu, iliyokuwa ikitia nguo rangi ya buluu na kuziuza duniani kote. Alitafuta mahali penye maji mengi, wala hakuja mikono mitupu. Sultani akapewa kiti chenye springi, kikawa kinampandisha na kumshusha kama mtu aliyepanda punda. Waziri akapewa viatu virefu. Kadhi akapewa miwani, na tangu siku hiyo akaona vizuri kila kitu isipokuwa kesi.

"Kwetu," alisema Bwana Lodovi siku moja akiwa ameshiba pilau, "ukimpa hakimu hata yai, mnafungwa wote wawili, na yai linawekwa ushahidi mpaka linanuka. Lakini wahenga wenu wamesema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho."

Waliokuwapo wakacheka, wakasema mgeni huyu ana adabu, hata methali anazijua.

Naye Sultani akampa kisima cha Mtaa wa Chini, ambacho mtaa mzima ulikunywa maji yake. Akachota maji kwa mkono wake, akaonja, akampa kata mbele ya watu, akasema, "Tangu leo wewe ndiye mwenye kisima hiki, na watu watachota kwa hisani yako."

Kiwanda kikajengwa mlimani, upande wa juu wa kisima. Maji ya rangi pamoja na dawa zake yakamwagwa mtaroni, na mtaro ukayapeleka mahali ambapo maji yote hupenda kwenda, bondeni, kisimani. Mbuzi wakaota ndevu za buluu, na hilo watu walilicheka. Kisha watoto wakaanza kutapika, kicheko kikaisha. Mtoto wa Mize akaharisha hata macho yakaingia ndani. Ikawa kila alfajiri Mize hupanda kilimani kwenye chemchemi ya Sultani, akawabembeleza walinzi wampe ndoo moja, akashuka nayo kichwani, mtoto mgongoni, na nyumbani bado moto haujawashwa.

Asubuhi moja akatua ndoo miguuni pa mumewe, akamwambia, "Wewe unayejibu usiyoulizwa, nenda kajibu hili."

Ngwali akajifunga shuka, akaenda barazani kwa Sultani. Akamkuta juu ya kiti chake, anapanda na kushuka, na Bwana Lodovi ameketi mkono wake wa kulia.

"Ewe Ngwali," akasema Sultani, "leo waomba nini?"

"Maji, bwana wangu."

"Huna kisima mtaani kwenu?"

"Kipo, Seyyid. Ukitaka kanzu ya buluu, itumbukize tu. Mimi nataka maji ya kunywa. Watoto wetu wanaumwa."

Bwana Lodovi akainamisha kichwa kwa heshima. "Mtukufu Sultani, mimi ni mtu wa kufuata sheria. Na niambiwe, nimevunja sheria gani ya Mvumoni?"

Kadhi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hapana sheria ya Mvumoni inayokataza kutia rangi kisimani."

"Hapana," akasema Ngwali, "kwa kuwa hatujapata kuwa na mwendawazimu wa kuitia." Akamgeukia mgeni. "Na kwenu je, bwana? Huko nako mwamwaga rangi watu wanapokunywa?"

"Kwetu ni kwetu. Kwetu kuna sheria kali, lakini sheria ya kwetu haivuki bahari."

"Kiti cha Seyyid kilivukaje?"

"Kiti ni bidhaa."

"Tena," akadakia Kadhi, "wamshtaki nani? Bwana Lodovi ni mtu wa kutumwa tu. Kampani yenyewe iko ng'ambo. Haina mgongo wa kupigwa viboko, wala mguu wa kutiwa pingu."

Ngwali akamgeukia Sultani. "Seyyid, wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Huyu bwana lake hakulifumba. Ametutoboa sisi yetu."

Watu wa barazani wakaguna, na mmoja nyuma akacheka. Sultani hakupenda kile kicheko. Akakishika kiti kisimrushe, akasema:

"Umesema sana. Wewe waitaka sheria ya kwao. Haya, niletee hiyo sheria ya kwao hapa Mvumoni, niione kwa macho yangu na niisikie kwa masikio yangu. Ukiileta, nitahukumu kwayo. Mwezi ukiandama nawe hujaileta, utoke mjini mwangu na mkeo na mwanao, wala usichukue hata mchi."

Ngwali akarudi nyumbani, akamweleza mkewe.

"Nilikutuma ukaombe maji," akasema Mize, "umerudi na uhamisho."

"Usijali. Hatuchukui kitu, kuhama hakutatuchosha."

"Hakutakuchosha wewe. Mimi ndiye nitakayembeba mtoto."

Ngwali akalala. Kesho yake akalala tena. Majirani wakapita kumpa pole Mize, wengine wakipima kwa macho kinu chake kitakachobaki. Hata ulipokaribia mwezi kuandama, Ngwali akaamka, akajinyoosha, akauliza, "Mke wangu, twaweza kupata papa mkavu? Yule wa chumvi nyingi?"

"Tunafukuzwa, nawe wataka kitoweo?"

"Si wangu. Ni wa Sultani."

Mize akamtazama, akaona kwamba kubishana kutamchukulia muda mrefu kuliko kuchoma papa. Akachoma papa.

Ngwali akamchukua, akaenda hadi kwa Sultani. "Seyyid, sheria imefika. Iko kule kisimani. Ni nzito, siwezi kuibeba hadi hapa. Na mke wangu amekuletea papa huyu, utafune njiani, maana kuna mwendo."

Sultani alipenda haki, lakini alimpenda papa zaidi. Wakatoka, yeye na Waziri na Kadhi na watu wengi nyuma, jua liko utosini, na Sultani akitafuna. Waziri alichechemea katika viatu vyake virefu. Walipofika kisimani ulimi wa Sultani ulikuwa umegandana na kaakaa.

"Iko wapi hiyo sheria?" akauliza. "Ngoja. Kwanza maji."

"Seyyid ana kiu," akasema Ngwali, "na mwenye kisima huyu hapa. Bahati njema iliyoje."

Bwana Lodovi akatoka kiwandani mbio, akaamkia, akaagiza watu wake waje na pipa lake la maji.

"Maji ya pipa yatoka wapi, bwana?" akauliza Ngwali.

"Chemchemi ya kilimani. Huletewa kila siku."

"Basi hayo ni ya Seyyid mwenyewe. Mtu humkirimu mgeni wake kwa kuku aliyemchukua bandani kwa mgeni huyohuyo? Wewe umepewa kisima mbele yetu sote. Mpe Seyyid maji yako."

Watu wakasema, ndivyo. Sultani naye akasema, "Ndivyo. Upesi."

Bwana Lodovi akateka kata moja. Maji yalikuwa kama anga, mazuri kuyatazama. Akamnyooshea Sultani kwa mikono miwili.

Sultani hakupokea. "Onja," akasema.

"Mtukufu?"

"Mwenye maji huonja kwanza. Umekaa kwetu muda mrefu, methali zetu wazijua, hili hulijui?"

Bwana Lodovi akaipeleka kata mdomoni. Harufu ikampanda puani. Akaishusha. Akaipandisha tena, akafumba macho, akaishusha.

"Siwezi," akasema mwishowe. "Unisamehe, Mtukufu. Maji haya yana dawa ya kukazia rangi. Kwetu hata farasi hapewi. Kwetu mtu akimnywesha mwenziwe maji kama haya hufungwa, na kiwanda chake hutiwa kufuli."

Ngwali akavua shuka lake, akalitandika chini mbele ya yule mgeni, akainama. "Karibu, Sheria. Pole na safari. Tumekungoja sana."

Kisha akamgeukia Sultani. "Seyyid, ndiyo hiyo. Umeiona kwa macho na kuisikia kwa masikio. Ilivuka bahari pamoja naye, ikakaa kooni mwake siku zote hizi, ndiyo maana akinywa ya pipani. Na Kadhi alisema kweli, Kampani haina mgongo wala mguu. Lakini koo inalo, na koo lake limekataa."

Sultani akatazama kata. Akatazama watoto wa Mtaa wa Chini waliosimama pembeni, matumbo mbele. Akakumbuka kwamba kisima kile alikitoa yeye, kwa mkono wake, kwa ajili ya kiti. Akaona haya, na haya ikampanda mpaka ikawa kicheko, maana kwa mfalme hiyo ndiyo njia ya pekee ya kuitoa. Akacheka hata Waziri akapata nafasi ya kuvua viatu.

"Bwana Lodovi," akasema, "kwa sheria ya kwetu nimeshapata sababu ya kukuvunjia kata mlangoni. Lakini nilimwahidi Ngwali kuhukumu kwa sheria ya kwenu. Basi weka kufuli. Siku utakayotaka kulifungua, utakuja hapa asubuhi kabla ya wanawake, uteke kata ya kwanza, uimalize. Na kila asubuhi baada ya hiyo."

Basi yule bwana akaufukia mtaro, akachimba mashimo ya kutulizia maji machafu upande wa pili, mbali na kisima. Wala hakuuliza mtu namna ya kuyachimba. Alijua tangu zamani, maana kwao ndivyo alivyofanya.

Kadhi aliamriwa kurudisha miwani. Tangu hapo akawa anagongana na milango, lakini kesi akiziona. Sultani naye akasema hataki tena kile kiti, akampa Ngwali kuwa zawadi. Ngwali akakileta nyumbani, akakikalia mara moja, kikamtupa uani. Mize akakipeleka bandani, kuku wakataga humo.

Masika yakapita, kisima kikajisafisha. Mize akatoka na ndoo, akarudi upesi, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Mtoto alikuwa akitambaa, akitafuta kitu cha kuvunja. Mize akateka kata, akampa mumewe aliyelala.

"Si wewe mwenye maji?" akasema Ngwali. "Onja kwanza."

"Nimebeba mimi. Onja wewe."

Akaonja. Yalikuwa maji tu. Mize akaichukua kata, akamnywesha mtoto, kisha akainua ndoo akaenda kuinjika chungu. Nami hapa natua ndoo yangu. Mwenye kiu na achote, ila aonje kwanza.