Mnana Aliyeukimbia Upepo

Paukwa!
Pakawa.
Pwani ipo?
Ipo.
Na upepo je?
Upo, tena unasikiliza.
Basi mimi nisimulie, nanyi mnishike nisipeperuke.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, ndege walipokuwa wakisema na upepo ukijibu, palikuwa na ndege wa manjano aitwaye Mnana. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza anaanza kujenga.

Desturi ya minana mnaijua. Dume haposi kwa maneno. Dume husuka nyumba kwa majani mabichi, kisha jike huja kuikagua. Huingia, hutoka, huning'inia kwa kucha, huvuta jani hili na lile kwa mdomo. Akiridhika, hukaa. Asiporidhika huenda zake, na dume huifumua nyumba ile kwa mdomo wake mwenyewe, jani kwa jani, majirani wakitazama.

Minana wote wa pwani ile walijenga minazini, kwenye ncha za makuti. Mnana hakutaka. Masika yaliyopita aliiona kwa macho yake nyumba ya kaka yake ikikatwa na upepo, ikaanguka mchangani na makinda ndani. Tangu siku ile, kuti likitikisika, na moyo wake hutikisika. Wenzake walimcheka. Sisi tusimcheke. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Akasema moyoni: mimi nitajenga pasipo upepo.

Akamwendea Mize, jike aliyempenda, akamwomba aje akague. Mize akakubali.

Mnana akaruka hadi ghubani, katikati ya mikoko iliyosongamana. Humo hata unyoya ukidondoka hushuka wima. Akasuka, akasuka, akasuka, nyumba ikaisha. Mize akaja. Akaingia, akavuta jani hili na lile. Mbu wakamzunguka kichwani. Kuta zilikwisha kuota kuvu. Akatoka mbawa zimelowa.

"Umesuka vizuri," alisema, "lakini nyumba yako inatoka jasho. Mayai yataoza humu."

Akaenda zake. Mnana akafumua, jani kwa jani. Minana wenzake wakapita juu wakimwuliza, "Bwana harusi, leo unafuma au unafumua?"

Mnana akaruka hadi nyuma ya kilima, kwenye mti mkubwa wa mkungu. Kilima kiliuzuia upepo, lakini jua lilifika. Akachagua tawi nene kuliko yote, lililo karibu na shina, tawi lisilojua kutikisika. Akasuka, akasuka, akasuka, nyumba ikaisha. Mize akaja. Akaingia, akavuta jani hili na lile, akaning'inia. Nyumba ilikuwa kavu, tena imara. Akakaa. Akataga.

Siku moja walikwenda kutafuta wadudu. Waliporudi, wakamkuta Ukukwi, nyoka mwembamba wa kijani, akishuka shinani polepole, tumbo limemvimba.

"Ahsante, shemeji," Ukukwi akamwambia Mnana. "Wenzako hunisumbua. Wewe umenijengea mlangoni pa ngazi."

Mayai hayakuwamo tena.

Mize akatua juu ya kijiti, akasema, "Nitatazama nyumba moja tu tena. Masika yanakwisha. Majani yakikauka huwezi kusuka, nami nitakwenda kwa mwingine. Si kwa hasira, Mnana. Nina mayai ya kutaga."

Mnana akafumua, jani kwa jani. Safari hii hakuna aliyemcheka.

Akaruka moja kwa moja hadi ufukweni, kwa Kusi mwenyewe, upepo wa masika. Kusi alikuwa akivuma. Mchanga ulikuwa ukiruka, chumvi ikiruka, na vichaka vya mbele vyote vimeinama kuelekea bara, majani yao yameungua ncha. Mnana akang'ang'ania kijiti, akasema alichokuwa nacho rohoni.

"Kusi, wewe uliwaua watoto wa kaka yangu."

Kusi hakukana. "Nilipita hapo," alisema. "Kazi yangu ni kupita. Hupita na mbegu, zikaota mbali. Hupita na chumvi, nikaunguza nilichokiotesha. Kusimama sijui. Ukitaka kujua namna ya kuishi nami, usiniulize mimi. Waulize wanaokaa njiani kwangu."

Mnana akatazama chini, akauona mmea utambaao mchangani. Akauuliza. Mmea ukamwambia kwamba wenyewe haukuamini mzizi mmoja; kila pingili iliposhika mchanga, ulichomeka mzizi mwingine.

Akauuliza mvinje. Mvinje ukamwambia kwamba majani yake ni membamba kama nywele, upepo hupita katikati, nao hubaki ukipiga mluzi.

Akauuliza mnazi. Mnazi ukamwambia kwamba ulipokuwa mche jani lake lilikuwa pana, zima, na Kusi alilichana kila siku. Ulipokua ukaanza kulichana wenyewe.

Mnana akawaza sana. Kisha akapanda hadi ncha ya kuti, moyo ukimdunda. Akafunga hapa, akafunga pale, akafunga na pale tena, hakuamini fundo moja. Kuta akazisuka wazi kidogo, upepo upite. Mgongo wa nyumba akampa Kusi, mlango akauelekeza chini. Akasuka, akasuka, akasuka, nyumba ikaisha.

Mize akaja. Kusi naye akaja. Nyumba ikayumba huku, ikayumba kule. Mize akaingia. Mnana akafumba macho. Muda ukapita, hata akadhani jike amekwisha kwenda zake. Kisha kichwa kikachungulia mlangoni.

"Humu mna hewa," alisema Mize. Akakaa. Akataga.

Ukukwi naye akaja. Akapanda mnazi, akatambaa juu ya kuti. Mwanzoni kuti lilikuwa pana. Mbele likawa jembamba. Mbele zaidi likawa linacheza.

"Shemeji," akaita, amejizungusha kutini macho yamemtoka, "mshike huyu Kusi kidogo nipite."

"Hashikiki," akasema Mnana. "Nimejaribu."

Kuti likarushwa, Ukukwi akaanguka mchangani, pu! Akajikusanya, akaenda kutafuta mijusi. Naye ana tumbo, tusimlaumu.

Masika yale nyumba nyingine zilianguka, kwa maana Kusi hakubadilika. Mnana alikwenda kuwafariji wenyewe, akawachukulia majani. Ya kwake ilibaki, na makinda yakaanguliwa.

Adhuhuri moja, msimu ukigeuka, Kusi akatulia kabisa. Makuti yakasimama. Makinda, ambayo hayakujua maisha bila kubembea, yakaamka yakalia. Mize akayapa chakula, yakalia. Akayafunika kwa mbawa, yakalia. Basi Mnana, yule aliyeukimbia upepo, akalishika kuti kwa kucha, akapiga mbawa kwa nguvu zake zote, akalitikisa huku, akalitikisa kule, mpaka wanawe wakalala.

Wasikilizaji wangu, ngano hii yatufunza kwamba si kila kinachotutikisa ni adui, wala si kila penye utulivu pana salama. Upepo hauna wa kumpenda wala wa kumchukia. Jifunze njia yake, kisha funga zaidi ya fundo moja.

Hadithi yangu imetua. Penye utamu gawaneni, penye uchungu niachieni mwenyewe.