Jilo Aliyekataa Maji

Nyamazeni, enyi uzao wa Jilo, nyinyi mlioonjeshwa maji ya kisima kabla ya maziwa ya mama zenu. Asiye na masikio leo na aende akachunge mbuzi. Nawasimulia habari za zama zile ambazo Wadhulo hawakuwa bado kabila, bali kundi la watu waliofukuzwa mtoni kwa vita, wakihama na vikongwe wao migongoni. Aliyewaongoza ni Jilo wa Maro wa Dhadho, Jilo Mvunja Miamba, Jilo Kifua cha Kifaru, ambaye walipofika nyikani na watoto wakaanza kufa kwa kiu, aliupiga mwamba kwa mtaimbo siku kumi na saba, hata maji yakabubujika. Kisima kile akakiita Mlezi, na siku ile ile akaweka sheria moja tu: anywaye maji ya mtu hawezi kumficha mtu huyo maji yake. Kwa sheria hiyo tulipata ndugu hata kwa waliokuwa adui zetu.

Kisha ikaja merikebu ya Wazungu. Walikuwa wakiichora pwani ya bara hili, ghuba kwa ghuba, wakishusha baharini kipande kizito cha risasi kilichofungwa kambani ili wapime kina, na kila walichokiona wakakitia katika karatasi. Nahodha wao tulimwita Bwana Kamba. Alipokwisha kuichora pwani akataka kuichora na nyika. Na mkalimani wake Shekuwe, mtu wa visiwani, alitueleza bila haya kwamba palipo na maji mengi pangejengwa ngome, na penye ngome wenyeji hawakai.

Wazee walitaka kuwaua. Jilo akasimama, akasema: "Ukimwua mpelelezi, utaletewa jeshi limtafute. Nitawatembeza mimi mwenyewe, mpaka nyika iwakinaishe."

Mkewe Hawadhe akamwuliza mbele ya watu wote, "Na wakitaka kisima, Baba Buya?"

"Sijanywa maji yao," Jilo akajibu. "Midomo yangu ni yangu bado."

Basi akajitwika viriba vinne vya maji, mzigo wa punda wawili, akawatembeza Wazungu tisa kwa siku saba katika nyanda za chumvi na mawe meusi yaunguzayo soli za viatu. Bwana Kamba akitazama dira yake na kuandika: hapa mchanga, hapa mawe, hapa hakuna kitu. Siku ya tano kilibaki kiriba kimoja, na Jilo akawaachia wao. Yeye hakuonja tena hata tone. Siku ya saba wakatokea pwani, wakijikokota kuelekea maboti yao.

Bwana Kamba alikuwa ameridhika. Aliyeharibu mambo ni Shekuwe, kikulacho ki nguoni mwako. Akasema: "Bwana, watu hawa wana mbuzi wanene, na mbuzi hawanywi mchanga. Mpe maji mtu huyu. Akinywa, mila yao itamlazimu atuoneshe ya kwake. Asipokunywa, atakimbilia kisimani, nasi tutamfuata kwa darubini."

Akaletewa maji katika bilauri ya kioo. Jilo aliyatazama. Nasema wazi, ndugu zangu, aliyatamani. Msimdhanie kuwa alikuwa jiwe. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ulimi umevimba, na Mlezi wake alikuwa nyuma ya kilima kilichoinuka juu ya pwani ile, mwendo wa asubuhi moja. Akasema, "Asanteni. Kwetu mgeni hunywa na mwenyeji hutazama." Kisha akaketi mchangani, uso baharini, kilima akakipa kisogo.

Siku tatu aliketi hapo. Wazungu wakapiga hema mbele yake na nyuma yake, na mlinzi akasimama na ile bilauri mchana na usiku. Sisi tulijificha kilimani tukimwona. Mwanawe Buya, mwanamume mzima mwenye watoto, alichukua kiriba ashuke, na Hawadhe akakishika kiriba kile kwa mikono miwili.

"Mama, niache! Baba anakufa!"

"Anakufa ili usishuke, mwanangu. Ukienda na maji, watafuata nyayo zako mpaka kisimani." Akasema hivyo huku akilia, wala hakuyafuta machozi yake.

Siku ya tatu, jua la utosi, Jilo Kifua cha Kifaru akaanguka ubavu. Bwana Kamba alivua kofia. Akamwambia Shekuwe, "Umenifanya nimuue mtu bure. Mwenye kisima hafi hivi." Akaandika katika karatasi yake kwamba nchi hii haina maji, wakatweka matanga. Karatasi ile ilizunguka Ulaya yote, na kwa vizazi vitatu hakuna merikebu iliyotia nanga kwetu. Katika ramani yao hatumo, na ndiyo sababu tupo.

Matanga yalipopotea, Hawadhe alishuka na kata ya maji ya Mlezi. Akampakata mumewe, akamimina polepole midomoni mwake.

"Kunywa, Baba Buya," alisema. "Wameondoka."

Tangu hapo Mdhulo hazikwi na midomo mikavu. Awe mzee, awe kichanga cha siku moja, aliye karibu naye kuliko wote humtilia maji kinywani, akamwambia maneno yayo hayo.