Tarishi wa Magongo

Hapo zamani, katika mji wa Ungamboni, alikuwako mwashi mmoja hodari jina lake Mwinchande, fukara asiye na kitu ila mwiko wake, mkewe Mwanamize, na ulimi usiotulia kinywani. Siku moja alipokuwa akijenga ghorofa ya tatu ya jumba la Sultani, jukwaa likakatika, akaanguka na mawe juu yake. Hakufa, lakini mguu wa kulia ukaunga kombo na wa kushoto ukafa ganzi, ikawa hawezi tena kwenda ila kwa magongo mawili.

Na Sultani yule alikuwa ameweka amri njema, kwamba kila aumiaye katika kazi yake apewe pishi mbili za mchele kila Ijumaa, maisha yake yote. Ila amri ilipita mikononi mwa Waziri, na Waziri alikuwa mkono wa birika, hata mchele usio wake ulimwuma kuutoa.

Basi Ijumaa ya kwanza Mwinchande akatoka kwake alfajiri, akajikokota, akafika barazani kwa Waziri adhuhuri, makwapa yamechubuka. Waziri akamtazama juu hata chini, akamwuliza, "Umefika hapa, hukufika?"

"Nimefika, Bwana Waziri, lakini kwa taabu."

"Taabu sikukuuliza. Kiwete hafiki. Wewe umefika, basi si kiwete. Nenda zako."

Ijumaa ya pili akakaa nyumbani, akamtuma Mwanamize. Waziri akamwuliza, "Mwenye dai yu wapi?"

"Yu kitandani, Bwana. Hawezi kuja."

"Dai lisilo na mwenyewe halisikilizwi." Akamrudisha mikono mitupu, na jioni ile wakala mhogo mkavu kwa maji.

Ijumaa ya tatu Mwinchande akajikokota tena. "Bwana Waziri," akanena, "nikija, mimi mzima, nisipokuja, sina dai. Nifanyeje basi nisikilizwe?"

"Shauri lako limekwisha," Waziri akasema.

Mwinchande akainamisha kichwa, akanena kwa upole, "Kama limekwisha, naomba hukumu kwa maandishi, nimwonyeshe mke wangu asinisumbue tena."

Waziri akaona hiyo ndiyo njia ya kumwondoa. Akaandika: *Miguu ya Mwinchande ni mizima kama miguu yangu mimi Waziri, na asemaye vinginevyo anaukanusha muhuri wa Sultani.* Akagonga muhuri.

Hazikupita siku nyingi Sultani akashikwa na jino, shavu likamfura kama andazi. Ikapigwa mbiu ya mgambo: anatakiwa tarishi wa mbio, apeleke barua mji wa Pandikizi kumwita mng'oa meno mashuhuri. Mwinchande kusikia vile, akachukua magongo yake.

"Unakwenda wapi?" Mwanamize akamwuliza.

"Kuandikwa utarishi."

"Mume wangu! Watakukata kichwa!"

"Kichwa ndicho kitu pekee ambacho hakikuvunjika, mke wangu. Niache nikitumie hali ningali nacho."

Alipofika kwa mkuu wa matarishi, wote waliokuwapo wakaangua kicheko. Naye akatoa ile hukumu, akampa mkuu aisome. Mkuu akaisoma mara mbili, akautazama muhuri, akayatazama magongo, akaipapasa shingo yake mwenyewe. Akamkabidhi barua.

Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na Sultani hana usingizi, wala chakula hakimpiti. Siku ya tatu akatoka kwa miguu, Waziri na walinzi nyuma yake, amejifunga kitambaa kichwani, ili walau atazame njia. Alipofika sokoni akamwona mtu wa magongo, jasho likimtiririka, mkoba wa matarishi shingoni.

"Ewe mtu! Barua yangu i wapi?"

"Njiani, Maulana."

"Njiani wapi?"

"Hapa, Maulana. Sijapumzika tangu juzi ila kwa kula na kuswali."

Sultani akapaza sauti, "Nani aliyempa kiwete utarishi?"

"Taratibu, Maulana!" Mwinchande akanena kwa hofu. "Neno hilo usilitamke mbele za watu, maana muhuri wako umelikataza." Akaitoa ile karatasi, akainyoosha kwa mikono miwili, magongo yameegemea kifua.

Sultani akaisoma. Akamgeukia Waziri, naye Waziri alikuwa akitazama vitunguu vya mchuuzi kana kwamba hajapata kuona kitunguu.

"Waziri, umeandika miguu yake ni kama yako?"

"N-naam, Maulana."

"Basi ama yake ni mizima, na barua yangu imefika, ama yako pia ni mibovu. Lipi la kweli?"

Waziri akavirudia vitunguu. Sultani akaanza kucheka, na kila alipocheka jino likamchoma, akalia "Ayaa!" huku akicheka, hata machozi yakamtoka na soko zima likacheka naye.

"Mpe mkoba," akamwambia Mwinchande alipopata pumzi. "Kama miguu yako ni mizima, Waziri, nataka kuiona ikikimbia."

Waziri akakunja kanzu hadi magotini, akatimua mbio kwenda Pandikizi, na mng'oa meno akawasili kesho yake.

Mwinchande akapewa mchele wake wa Ijumaa zote tangu siku aliyoanguka, na punda wa kupanda. Kisha Sultani akaamuru kwamba tangu siku hiyo wenye madai wasiende tena barazani, bali Waziri awaendee majumbani mwao kwa miguu, na mchele kichwani. Na husemwa kwamba mwaka ule Waziri alistaajabu sana jinsi viwete na vipofu walivyoongezeka ghafla Ungamboni, hali hakuongezeka hata mmoja.