Mguno wa Mwakio

Hapo zamani, wakati vyungu vyote vya nchi ya milimani vilipofinyangwa kwa udongo wa shimo moja, alikuwepo kijana aitwaye Mwakio. Msimcheke bado. Wakati wa kumcheka utafika, na hata hapo sijui kama mtaweza.

Mwakio alikuwa na nguvu. Kinu cha mti wa mvule, ambacho wanawake wawili hukiburuta, yeye alikibeba begani huku akipiga mluzi. Alimwoa Mghoi mfinyanzi, akajenga jirani na wakwe zake, mzee Mwadime na mkewe Wakesho. Na ukwe wa nchi ile, jamani, haukuwa mchezo! Mkwe hakula sahani moja na mama mkwe, hakumpa mkono, na wakikutana njiani mkwe aliingia majanini mpaka mama apite. Mwili wake uuguse mwili wa mama mkwe? Toba! Afadhali ashike kaa la moto.

Basi siku moja, asubuhi, kijiji kizima kilikwenda msibani ng'ambo ya mlima. Walibaki wachache. Mghoi, mwenye mimba ya miezi sita, alichukua jembe akaenda kuchimba udongo. Shimo lenyewe liliingia ubavuni mwa mlima kama pango, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mghoi akiwa ndani, jiwe kubwa la juu likateleza, likashuka, likakaa mlangoni. Kwa chini matope yaliziba kabisa. Kwa juu ulibaki ufa wa kupitisha mkono. Na maji ya mlima yakaanza kujaa mle ndani, hayana pa kutokea.

Akapiga kelele. Wakaja watu wanne: baba yake, mama yake, mumewe, na Bibi Mkawasi, mfinyanzi mzee aliyemfundisha Mghoi kazi, mikono yake imekauka, hana nguvu hata ya kuua kuku.

"Mghoi! Maji yamefika wapi?" Mwadime akauliza.

"Magotini, baba!"

"Leteni jembe tufukue!"

"Jembe ninalo mimi huku!"

Maji yasingengoja watafute jingine, ikabaki kulisukuma jiwe kando tu. Jiwe lilikaa juu ya changarawe, na pa kusimama palikuwa pafinyu, watu watatu bega kwa bega. Mwadime akasimama kushoto, Wakesho akasimama katikati, na nafasi ya Mwakio ikawa kulia, ubavuni mwa mama mkwe. Mwadime akaita, "Jiwe hilooo!" Wakaitikia, "Na litoke!" Wakasukuma.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye mambo. Kusukuma sawasawa kunataka bega. Na Mwakio angeweka bega lake, lingegusana na la mama mkwe. Akaona haya. Akajivuta pembeni, akaweka viganja juu ya jiwe, viganja tu, kama mtu anayepapasa ng'ombe wa watu. Halafu, ili isionekane kwamba hasukumi, akaguna. Akaguna mguno mkubwa kuliko wote: "Mmmmh! Mmmmh!" Mishipa ya shingo ikamtoka. Jiwe halikutikisika.

Jiwe lililokaa lina tabia yake. Ukilisukuma kidogo, linakukatalia kidogo. Ukilisukuma sana, linakukatalia sana, sawasawa na ulichotia, halizidishi wala halipunguzi. Lina mwisho wa kukataa, lakini mwisho huo huujui mpaka uupite. Ukibakisha nguvu ya kidole kimoja, jiwe lipo palepale, na mtu akipita atadhani hamkufanya kitu, au atadhani nyote mmekufa kwa kazi. Jiwe halitaji majina ya watu.

"Mghoi! Maji?"

"Kiunoni, baba!"

"Jiwe hilooo!"

"Na litoke!"

Wakasukuma mara ya pili. Mwakio akaweka viganja. Akaguna. Moyoni alijiambia, safari hii nitatia bega. Bega likakataa. Alisikia pumzi za mama mkwe pale karibu, akafikiri watu watasema nini, akazidi kuguna. Wakesho, maskini, alitia kila alichonacho. Kiuno kikalia kwa sauti, wote wakakisikia, akaanguka chini.

"Mama!" Mwakio akapaza sauti. Hata hapo mikono haikwenda kumwinua. Mwadime ndiye aliyemburuta pembeni.

Bibi Mkawasi hakuwa amesema kitu mpaka hapo. Alikuwa ameinamia beseni alilokuja nalo, la udongo laini uliokorogwa na maji, ule uji uji ambao wafinyanzi hupaka chungu kikawa kinateleza. Akajikokota mpaka jiweni, akaondoa changarawe kwa vidole vyake vilivyopinda, akamimina uji ule chini ya jiwe, kila upenyo alioupata.

"Chungu kikinata kwenye ubao, hukipigi," alisema huku anahema. "Unakilowesha. Haya, sukumeni."

"Mghoi! Maji?"

Kimya. Kisha sauti ndogo, "Shingoni." Na alisema shingoni kweli, si kwa mafumbo yenu.

Sasa katikati hapakuwa na mtu. Mwakio akaweka bega. Akaweka bega, akaweka na kiuno, akaweka na miguu, na safari hii hakuguna, maana mtu anayesukuma kweli hana pumzi ya kuguna. Mwadime alisukuma naye, mzee wa watu. Jiwe likakataa, likakataa, kisha likaachia. Na jiwe likishaachia huwa jepesi kuliko lilivyokuwa limekaa: likateleza ghafla, Mwakio akaanguka kifudifudi matopeni, na maji yakamwagika yakimtoa Mghoi, mzima, na mimba yake.

Waliorudi msibani walimkuta Mwakio mbele ya jiwe, tope usoni, mkewe mikononi. Wakampigia vigelegele! Wakambeba juu juu. Mwakio alitamani ardhi ipasuke immeze. Kila aliposifiwa alimwona Wakesho akitembelea fimbo mbili, maana kiuno kile hakikupona. Kila jioni mama yule alimtumia mkwe wake kibakuli cha uji, akisema, "Mpelekeeni simba wangu." Uji ukimfikia, unapoa bila kuonjwa.

Mghoi akajifungua mtoto wa kike. Na desturi ya kwao ilikuwa hivi: mwenye mimba akiokolewa kifoni, aliyemwokoa ndiye humpa mtoto jina, na mtoto huyo huitwa wake pia, atamtunza uzeeni. Siku ya jina wakakaa uani, watu wote wapo.

Mwadime akasema, "Mimi nilisukuma mara tatu. Mara tatu sikubakisha. Mwiteni jina la mama yangu."

Wakesho akasema kutoka kwenye kigoda, "Mimi nilisukuma mara mbili, na ya tatu niliitoa mapema kwa kiuno changu. Sitalima tena. Sina mengi ya kusema."

Bibi Mkawasi akasema, "Nyinyi mlisukuma, jiwe likakaa. Nilipomimina ndipo likaenda. Mimi sikuzaa. Jina langu lisipopata mtu, mtalizika pamoja nami."

Mghoi akamtazama mumewe. Akanyanyuka, akamwekea mtoto mikononi. "Baba yake ndiye aliyelitoa. Taja jina, mume wangu."

Mtoto alikuwa mwepesi, lakini mikono iliyobeba kinu ilimwona mzito.

"Mimi nilisukuma mara moja," Mwakio akasema. "Mara moja. Mara mbili za kwanza niliweka viganja tu. Nilimwonea haya mama, begani kwake. Niliguna ili mdhani nasukuma. Ningesukuma toka mwanzo, labda lingetoka mwanzo, na mama angekuwa anatembea. Labda lisingetoka. Sijui. Kila siku najiuliza na sijui."

Mwadime akasimama, akaketi tena. Wakesho akasema polepole, "Kumbe ulikuwa unaniheshimu." Machozi yakamtoka. "Ungenigusa, mwanangu. Ungenigusa tu!"

Mwakio akainama, uso umemshuka kifuani. Alingoja mkewe amnyang'anye mtoto.

Mghoi hakumnyang'anya. Alisema, "Maji yaliponifika kiunoni nilichoka. Nikataka kuketi, nimalize. Baba sikumsikia, mama sikumsikia. Nilisikia mguno wako. Nikasema, mume wangu anakufa kwa ajili yangu, mimi niketi vipi? Nikasimama. Kama usingeguna, jiwe lingetoka likakuta maiti." Akafuta macho kwa kiganja. "Na sasa unaniambia ule mguno ulikuwa wa uongo."

Jua likapanda, na mtoto akalia, hana jina. Mzee aliyesukuma mara zote tatu yupo pale. Mama aliyevunjika kiuno yupo pale. Bibi asiye na mtoto, mwenye beseni lake, yupo pale. Na yule mwenye bega lililochelewa yupo pale, amekaa kwenye mkeka mmoja na mama mkwe wake, na baina yao kuna nafasi ya kiganja, hata siku ile.

Haya. Mimi nimefika mwisho wangu, zamu ni yenu. Nawasikia mnaguna huko nyuma. Kuguna tumeshakujua, nataka jibu: je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?