Sonara Tamimu na Samaki wa Taa za Tumboni

Mji wa Lulwani, wenye kuta nyeupe na masonara mia, ulikuwa ukitawaliwa na Sultani Muntasiri bin Jalali, na Mola alimjaalia enzi na utulivu, na raia wake walilala milango wazi. Basi na tumwache Sultani juu ya kiti chake, maana msiba huu haukumpata yeye. Ulimpata sonara wake, Tamimu, mtu aliyefiwa na mkewe na aliyebaki na mtoto mmoja tu duniani, binti aitwaye Shufaa, naye alikuwa ameposwa na mwana wa Sultani.

Katika mji ule kulikuwa na ada, kwamba kila mwaka kila sonara hutupa baharini kipande cha fedha safi, kiwe haki ya Ghamami, jini wa kilindini, naye jini huyazuia mawimbi yasile kuta. Tamimu alikuwa fundi kwelikweli, lakini kiburi cha ufundi ni maradhi, na mwaka ule wa harusi alifua kikuku cha risasi, madini duni, akakivika ngozi ya fedha, akakitupa. Hakufanya kwa uchoyo, wallahi. Alitaka tu kujisifu moyoni kwamba hata jini hakutambua. Haya, jini alitambua. Siku ya saba Shufaa alishuka pwani kuosha sinia za harusi, na wimbi moja likaja likamchukua, na sinia zikabaki mchangani.

Tamimu akalia mpaka sauti ikamkauka, akaenda kwa Sultani na kukiri kosa lake mbele ya mawaziri wote. Sultani akakasirika, kisha akamwonea huruma, akavua pete ya mababu zake, ambayo mwenye kuivaa hamezwi na maji, akamwambia ashuke akaombe msamaha mwenyewe.

Akashuka. Maji ya kijani yakawa ya buluu, na buluu ikageuka kiza cha magharibi, mahali ambapo jua halifiki ila kidogo mno, na baridi ikamwingia mifupani, na uzito wa bahari ukamkalia kifuani. Huko alimkuta Ghamami, akaanguka miguuni pake, akamtolea fedha yake yote. Jini hakuitazama. Alifumbua kiganja, na ndani yake mlikuwa na samaki mmoja mdogo.

"Huyu ndiye Shufaa," akasema. "Ulinipa risasi iliyovaa fedha, nami nimemvika mwanao fedha ya kilindi. Kifungo chake ni mwaka mmoja. Ukitimia, njoo umchague kati ya wenzake, na ukimjua ni wako, akaolewe. Ila usimpandishe kabla ya siku yake, maana mwili huu umeumbiwa huku chini, na juu utakufa."

Tamimu akamtazama mwanawe. Urefu wake haukupita kidole, na umbo lake lilikuwa la shoka lisilo na mpini, kifua kipana kilichoshuka chini na mkia mwembamba, na ubavu kwa ubavu alikuwa bapa kama sarafu, na mbavu zake zilikuwa kioo kitupu cha fedha. Macho yalikuwa makubwa, marefu kama mirija, yakitazama juu daima, na kinywa nacho kilielekea juu, tayari kudaka vidudu vya maji. Na tumboni, safu kwa safu, alikuwa na taa ndogo za buluu zilizotazama chini.

"Shikamoo, baba," samaki akasema, na sauti ilikuwa ya Shufaa.

 Tamimu aligeuka akaona kundi lenyewe, maelfu kwa maelfu, wote shoka, wote fedha, wote wa sura moja, na hofu ikamshika. Atamjuaje? Ndipo jicho lake la kisonara lilipoona kwamba kila taa imefunikwa na utando mwembamba wa rangi, unaoifanya ififie, na moyo ukamwambia kwamba ile ni kutu, kama inayoshika fedha iliyokaa bila kusuguliwa. Akatoa kitambaa chake cha kazi, amsugue ang'ae, apate kumjua kati ya wenzake.

Shufaa akasema kwa adabu kwamba utando ule wanao wote. Baba akamjibu kwamba kazi ya fedha asimfundishe yeye. Na binti aliyelelewa vizuri hashindani na babake, akanyamaza, akavumilia, na baba akamsugua taa moja moja mpaka utando ukatoka na tumbo likawaka. Tamimu akapanda juu na furaha yake, akamwambia mwana wa Sultani asitafute mke mwingine.

Mwaka ukatimia, akashuka. Kundi lilikuwa palepale, limefifia lote, wala hapakuwa na hata mmoja aliyewaka. Masikini, hakushtuka, alidhani kutu imerudi, kama inavyorudi kwenye fedha yoyote. Akakamata samaki wa kwanza aliye karibu, akatoa kitambaa, ili awasugue wote mpaka ampate wake. Ghamami akamshika mkono.

"Acha, sonara. Hayupo."

Tamimu akauliza yupo wapi basi.

"Chini yetu wanakaa samaki wakubwa, na kazi yao ni kutazama juu, wakitafuta kivuli. Hawa wadogo huwasha taa zao sawasawa na nuru inayoshuka kutoka juu, isizidi wala isipungue, na kivuli hupotea. Ule utando ndio uliokuwa ukiipima nuru yao. Uliuondoa, naye akang'aa mahali pasipong'aa kitu. Siku ya tatu alifahamu. Akajitenga na kundi, akaogelea peke yake, nuru yake isije ikawaponza wenzake. Siku ya tisa wale wakubwa walimmaliza."

Tamimu akauliza kama alisema neno.

"Alisema. Aliniomba, babake akija, nimwambie kwamba alikufa kwa maradhi, na habari ya taa nisiitaje kabisa. Nami nilikusudia kumtii. Lakini umekuja na kitambaa."

Tamimu akafumbua mkono, na yule samaki akateleza akarudi kwa wenzake, na pale pale hakumwona tena.

Mwana wa Sultani alimwoa binti wa waziri, ngoma zikalia siku saba, na vito vya bibi arusi alivifua Tamimu mwenyewe kwa amri ya Sultani, akalipwa dhahabu kwa mizani. Aliigawa yote kwa mayatima. Na ninyi mliokaa kunisikiliza, mtoto akikwambia jambo la mwili wake, msikilize, hata kama ufundi wako unajulikana mji mzima. Nami nimechoka, hadithi hii hunichosha kila niisimuliapo.