Milembe na Malkia Aliyeguswa

Hii hamtaamini, lakini ilitokea. Juzi mmemsikia kocha akisema, "Mkono ukishagusa, kichwa kicheze," mkaniuliza katoa wapi. Methali hii ilianza hivi.

Fainali ya sataranji ya timu, Urambo na Nzega, meza nne. Meza tatu zimekwisha, Urambo wanaongoza mbili kwa moja. Imebaki meza ya Milembe. Akipata sare tu, kombe lao. Akifungwa, matokeo ni mbili kwa mbili, na kombe linabaki kwa Nzega, mabingwa wa mwaka jana. Na mwaka jana aliyefungwa mwishoni ni huyohuyo Milembe.

Sasa, watu wa Urambo walijifunzia kwa vizibo vya soda, uani. Upepo ukipita, vizibo vinahama, unavirudisha, mchezo unaendelea. Mkono ukazoea.

Milembe amezidiwa, anapanga kumkimbiza mfalme wake. Akaona malkia wake kakaa upande. Akamnyoosha.

Mhoja wa Nzega akatabasamu. "Dada, umemgusa malkia. Mchezeshe."

"Nilikuwa namnyoosha tu."

"Ukamnyooshee Urambo."

Mwamuzi akaja. "Ulisema 'narekebisha' kabla ya kugusa?"

"Sikusema."

"Basi lazima atembee."

Kapteni wa Urambo akafunika uso kwa kofia. Milembe machozi yakamlenga, saa inakwenda. Halafu akajiambia: mkono umeshaharibu, kichwa bado ninacho. Akaanza kukagua kila nyumba ya ubao ambayo malkia anaweza kuifikia. Moja, akaitazama mara mbili.

Akambeba malkia, akamweka ubavuni kabisa mwa mfalme wa Mhoja.

"Umemchoka?" Mhoja akauliza.

"Mle."

Mfalme hana njia nyingine. Akamla.

Milembe akakunja mikono. "Mwamuzi, sina pa kwenda."

Mwamuzi akainama. Mfalme wa Milembe hashambuliwi, lakini kila nyumba inayomzunguka imefungwa, ya mwisho ikifungwa na mfalme wa Mhoja alipomla malkia, na askari wake pekee amezibwa. Hana mchezo hata mmoja uliobaki.

"Hana pa kwenda na hashambuliwi: kwa sheria, sare," akasema.

Urambo wakabebana juujuu, kapteni akarusha kofia hadi kwenye feni. Mhoja mwenyewe akacheka. "Kumbe ningemwacha tu amnyooshe."

Tangu siku hiyo, ukikosea Urambo hawakuulizi kwa nini. Wanakwambia: mkono ukishagusa, kichwa kicheze.

Haya, ungekuwa wewe mezani pale, ungelia au ungecheza?